Maradhi ya Uboho: Dawa Zake, Taabu Zake na Wajibu wa Nyumba



Sifa zote njema zamstahiki Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Wapenzi wasomaji, mama zetu, dada zetu na ndugu zetu, katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya malezi, ndoa, mirathi na ibada. Leo twataka kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja, kwa sababu masuala yake yametujia mara nyingi baada ya darsa za kina mama hapa Mji wa Kale, kila mara kwa sura nyingine. Mmoja auliza: baba ameandikiwa dawa za saratani ya uboho, nazo zamchosha mno, je, aweza kuziacha? Mwengine auliza: mama yetu afunge Ramadhani au asifunge? Wa tatu auliza: kwa nini tusimpeleke kuumikwa, kwani hijama si sunna?

Sisi si matabibu. Tunayoyaeleza hapa ya utabibu ni yale yaliyothibiti kwa wenye fani hiyo, nayo hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wako. Lakini mengi yanayoiharibu tiba ya ugonjwa huu hayatokei hospitali. Hutokea nyumbani, jikoni, chumbani, na kwenye duka la dawa la mtaani. Hayo yanatuhusu sote. Na neno letu la leo ni moja: dawa za ugonjwa huu zina ukali, na ukali mwingi katika huo una njia ya kupunguzwa ukisemwa mapema. Hatari kubwa ni kunyamaza.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya mifupa mna uboho, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita uloto. Humo ndimo damu inamotengenezwa. Miongoni mwa seli za humo zimo seli za plazma, ambazo Allah amezipa kazi ya kutoa kingamwili, yaani askari wanaoulinda mwili. Katika ugonjwa uitwao mayeloma, seli hizi huasi. Huzaana bila mpaka, huwabana wenzao wanaotengeneza damu, na hutoa protini nyingi isiyo na faida.

Matokeo yake ni manne makubwa. Mifupa huliwa na kutoboka, hasa ya uti wa mgongo, mbavu na nyonga, hata ikavunjika kwa jambo dogo. Madini ya kalsiamu yanayotoka katika mifupa hiyo hujaa katika damu. Figo huzibwa na ile protini. Na damu hupungua, mtu akawa mchovu na mwenye kuhema kwa kupanda ngazi. Juu ya hayo, kinga hudhoofika, kwa sababu askari wa kweli wamepungua. Aghalabu huwapata watu wazima waliopita miaka 60, ingawa wadogo kuliko hao wamo. Takwimu za Marekani zaonyesha kwamba watu wenye asili ya Kiafrika huupata karibu mara mbili ya Wazungu, kwa hivyo si ugonjwa wa kuuona wa mbali.

Kwetu sisi mlango wake wa kwanza huwa ni maumivu ya mgongo, na maumivu ya mgongo tuna majina mengi ya kuyapa: baridi yabisi, uzee, kuinua mzigo, kulalia godoro baya. Basi mzee hukandwa, huumikwa chuku, na hununuliwa diclofenac au ibuprofen dukani, leo na kesho na mwezi ujao. Hapa twaomba tusikilizwe kwa makini. Dawa hizo za maumivu huziumiza figo, na figo za mgonjwa huyu tayari ziko mashakani. Kukandwa kwa nguvu mgongo ambao mifupa yake imetoboka kwaweza kuuvunja, na uti ukivunjika vibaya miguu hupooza. Na hijama, pamoja na utukufu wake, haifanywi kwa mtu aliyepungukiwa damu au ambaye damu yake haigandi vyema. Wanavyuoni wetu tangu zamani wamesema kwamba dawa ni kwa mahali pake na kiasi chake, na mwenye kutibu bila ujuzi ni mdhamini wa alichokiharibu.

Maumivu ya mgongo yasiyokoma kwa wiki kadhaa kwa mtu mzima, pamoja na uchovu na weupe wa viganja, yanahitaji kipimo cha damu na mkojo, pamoja na picha ya mifupa. Na mgonjwa akianza kuwa na kiu kisichokatika, kufunga choo, kusinzia na kusema maneno yasiyoeleweka, tusikimbilie kusema kwamba amepandwa na jini au kwamba ni uzee. Huenda ikawa kalsiamu imejaa katika damu, na hilo ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo chaweza kusomwa njiani.

Dawa na ukali wake

La kwanza kulijua ni kwamba mayeloma, kwa kawaida, haiondoki moja kwa moja. Hutulizwa. Mgonjwa hupata miaka ya nafuu, kisha ugonjwa hurudi, kisha hutulizwa tena kwa dawa nyingine. Wengi huziacha dawa kwa kutolijua hili. Maumivu yakiisha hudhani wamepona, nao hawajapona bali wametulizwa.

Tiba yake imepita hatua nyingi. Kwa miaka mingi tegemeo lilikuwa vidonge vya melphalan pamoja na dawa za jamii ya steroidi. Mwaka 1999 madaktari wa Arkansas, Marekani, walitangaza kwamba thalidomide yaituliza mayeloma hata kwa waliokwisha kushindwa na dawa nyingine. Mwaka 2003 ikaidhinishwa huko bortezomib, ambayo ni sindano. Mwaka 2006 lenalidomide, ndugu ya thalidomide, ikaidhinishwa kwa ugonjwa huu. Na mwaka 2015 daratumumab, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa kwa kuzilenga seli hizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizitia bortezomib, lenalidomide, thalidomide na melphalan katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya mayeloma. Maana yake ni kwamba hizi si dawa za anasa wala za majaribio. Leo mgonjwa huanzishiwa dawa tatu au zaidi kwa pamoja, kwa kuwa kila moja huupiga ugonjwa kwa upande wake.

Hapa kwetu, Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi wetu twaiita Makadara, ina kituo cha saratani. Nairobi iko Hospitali ya Kenyatta, na kule Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pamoja na AMPATH wameendesha mpango maalumu kwa wagonjwa wa mayeloma.

Sasa tutazame ukali wa kila dawa.

Dexamethasone ni steroidi, na mara nyingi hunywewa siku moja kwa wiki. Hupandisha sukari, na katika mji huu ambao kila nyumba ina mwenye kisukari, jambo hili si dogo. Mwenye sukari na apime mara nyingi zaidi siku za dawa, na daktari wake wa sukari ajulishwe. Hukosesha usingizi, kwa hivyo hunywewa asubuhi baada ya chakula. Huchoma tumbo, na daktari huongeza dawa ya kulilinda. Hugeuza tabia: mtu mpole akawa mkali, akalia bila sababu, au akazungumza usiku kucha. Wake na wana hudhikika sana kwa hili, na hudhani wamechukiwa. Tazameni kalenda kwanza. Mkiona kwamba ukali wake waja siku ya dawa na kesho yake kisha waondoka, mwambieni daktari. Kipimo chaweza kupunguzwa. Isiachwe kienyeji.

Bortezomib taabu yake kubwa ni mishipa ya fahamu. Mgonjwa huhisi ganzi, kuwaka moto, au kama anayetembewa na sisimizi nyayoni na vidoleni. Wazee wetu huvumilia na kusema ni damu haipiti. Hili ndilo la kusemwa mapema kuliko yote, kwa maana likiachwa likazidi laweza kutoondoka. Likisemwa, daktari huweza kuipeleka sindano kuwa mara moja kwa wiki badala ya mbili, au kupunguza kiasi, au kuipiga chini ya ngozi badala ya mshipani, ambako imeonekana kwamba huumiza mishipa ya fahamu kidogo zaidi. Nyumbani, mwenye ganzi asijipimie mwenyewe joto la maji ya kuoga au ya kutawadha, kwani huungua asihisi. Asiende peku, na nyayo zake zitazamwe kila usiku. Dawa hii pia huamsha mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge unaozunguka upande mmoja wa mwili kwa maumivu makali. Kwa hivyo mgonjwa hupewa vidonge vya aciclovir vya kukinga. Vidonge hivyo si vya ziada. Tusivipunguze kwa kuona kwamba dawa zimekuwa nyingi.

Thalidomide hulaza usingizi, hufunga choo na huleta ganzi. Lenalidomide hupunguza chembe za damu, na baadhi ya watu huharisha au hutokwa na vipele. Zote mbili, hasa zikiwa pamoja na dexamethasone, huweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kikachoma, hilo si la kusubiri asubuhi.

Daratumumab huweza kuleta homa, baridi na kubanwa kifua wakati wa dozi ya kwanza, na wauguzi hujitayarisha kwa hilo. Lakini ina jambo jengine ambalo jamaa wapaswa kulijua: huvuruga kipimo cha kulinganisha damu. Akihitaji kuongezewa damu, hata katika hospitali nyingine, waambieni kwamba ameitumia.

Ili kuilinda mifupa, hupewa dripu ya zoledronic acid, kwa kawaida kila mwezi. Kwa nadra dawa hii hufisha mfupa wa taya, hasa baada ya kung'oa jino. Basi na aonwe na daktari wa meno kabla ya kuanza, na asing'oe jino baadaye bila ya kuwajulisha wote wawili. Na mfupa mmoja ukiuma kupita kiasi au ukitaka kuvunjika, mionzi ya siku chache huutuliza. Uchovu na wekundu wa ngozi hufuata, kisha huondoka.

Iko pia tiba ya kupandikiza uboho. Wengi wakisikia neno hili huanza kuwapima ndugu ili apatikane wa kutoa. Katika mayeloma, kwa kawaida, mtoaji ni mgonjwa mwenyewe. Chembe zake mama hukusanywa kutoka katika damu yake na kuhifadhiwa katika baridi kali, kisha hupewa melphalan kwa kiasi kikubwa, halafu hurudishiwa chembe zake. Mwishoni mwa mwaka 2021 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa tiba hii, na wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa wa ugonjwa huu huu. Wengine katika watu wetu huenda India. Ukali wake ni mkubwa: nywele huanguka, kinywa huchubuka, na kwa muda wa wiki mbili hivi mwili hukaa karibu bila kinga. Kumumunya barafu wakati melphalan inapoingia hupunguza vidonda vya kinywa. Tiba hii hurefusha miaka ya nafuu lakini si dhamana ya kupona, na si ya kila mtu. Umri, moyo na hali ya mwili huangaliwa. Basi kabla nyumba haijauza kiwanja, na iulize mambo matatu: je, mgonjwa huyu anafaa kwa tiba hii; nafuu inayotarajiwa ni ya muda gani; na baada ya kurudi, dawa za kuendelea nazo zitatoka wapi? Aliyerudi kutoka safari ya ng'ambo akakosa vidonge vya mwezi wa tatu hajamaliza tiba yake.

Dawa isiyogawanywa

Hapa twataka kusema na mama zetu na dada zetu peke yao kidogo.

Thalidomide iliuzwa kwanza Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kuwa dawa ya usingizi, na wanawake waja wazito wakapewa kwa ajili ya kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni huko mwishoni mwa mwaka 1961, maelfu ya watoto katika nchi nyingi walikuwa wamekwisha kuzaliwa wakiwa hawana mikono au miguu kamili. Marekani iliepukana na sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu mwanamke mmoja, Dkt. Frances Kelsey, alikataa kuiidhinisha mpaka aletewe ushahidi wa usalama wake. Dawa ni ile ile, na leo yawafaa wenye mayeloma. Kwa mja mzito ni maafa, na lenalidomide huhesabiwa vivyo hivyo.

Sisi watu wa nyumba moja twagawana dawa. Mwenye kukosa usingizi huomba kidonge kwa mwenzake, na mkwe hupewa dawa ya mama mkwe kwa kuwa ilimsaidia. Dawa hizi hazigawanywi hata nusu. Ziwekwe peke yake, mbali na watoto. Na ikiwa anayemwangalia mgonjwa ni binti au mkwe mja mzito, au aweza kuwa mja mzito, asizifungue wala asiguse unga wake. Mwengine ampe mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe akiwa mwanamke ambaye bado aweza kuzaa, hupimwa mimba kabla ya kuanza, na yapasa ajizuie na mimba kuanzia wiki nne kabla, muda wote wa tiba, na wiki nne baada yake. Mgonjwa akiwa mume, dawa huingia katika manii, kwa hivyo hutakiwa kutumia mpira na mkewe muda huo. Kuizuia mimba kwa muda ili kuepusha madhara yaliyothibiti, kwa kuelewana mume na mke, hakuna ubaya kwa wanavyuoni. Anayeona haya kumuuliza daktari na amtume mumewe, au aulize kwa muuguzi mwanamke. Haya ni katika imani, lakini haya haizuii kuuliza jambo la uhai. Wanawake wa Kiansari walisifiwa kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Nyumba, wageni na ibada

Mtu wa mayeloma akipata homa ya nyuzi 38, hiyo ni dharura. Tusimpe Panadol tukasubiri jasho. Apelekwe saa hiyo hiyo. Jenerali Colin Powell wa Marekani, aliyekuwa na ugonjwa huu, alifariki Oktoba 2021 kwa madhara ya Korona akiwa na umri wa miaka 84, na alikuwa amechanjwa. Kinga iliyodhoofika haiitikii chanjo kama kinga ya mtu mzima wa afya, ndiyo maana walio karibu naye nao wapaswa kujichunga.

Na hapa pana mtihani wetu. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa Muislamu, na sisi watu wa Mji wa Kale twaipenda haki hii. Hujaa chumba, hubusiwa mikono, na watoto hupandishwa kitandani. Lakini Mtume (s.a.w.) alimkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima. Basi mwenye mafua asiingie. Amuombee dua kwa simu, na ujira wake uko kwa Allah. Mke au binti atakayesimama mlangoni akasema leo hapokei wageni asiitwe mkosa adabu. Anaitunza amana.

Maji ya kunywa yachemshwe, yawe ya mfereji, ya kisima au ya mkokoteni. Juisi za njiani zenye barafu, saladi isiyooshwa vyema na mayai mabichi na yaachwe mpaka damu itulie. Madafu, asali, habba soda na majani ya kuchemsha, pamoja na vidonge vya chai ya kijani ambavyo katika maabara vimeonekana kuizuia bortezomib, vitajwe vyote mbele ya daktari bila kuficha. Ngazi za nyumba zetu za kale ni za mwinuko na zina giza. Itiwe taa na kamba ya kushikia, au mgonjwa ahamie chini, kwani kuanguka mara moja kwaweza kumvunja nyonga.

Kuhusu swala, sharia yetu ni nyepesi: asiyeweza kusimama huswali kwa kuketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Ambaye daktari amemzuia kuinama kwa ajili ya uti wa mgongo aketi juu ya kiti na aashirie rukuu na sijda, sijda iwe ya chini zaidi. Swala yake ni kamili. Udhuru wa kuacha jamaa na Ijumaa anao wakati kinga yake iko chini.

Kuhusu saumu, figo za mgonjwa huyu huhitaji maji mengi, lita mbili hadi tatu kwa siku iwapo daktari hakumwekea mpaka, na katika joto la Mombasa kukaa na kiu kutwa kwaweza kuziua. Allah ameshamruhusu mgonjwa kula katika Kitabu chake. Anayetarajiwa kupata nafuu atalipa siku zake. Ambaye wajuzi wamesema hatarajiwi kuweza kufunga, atatoa fidya, kibaba cha chakula kwa masikini kwa kila siku. Tunawajua wazee wanaofunga kwa siri kwa kuona haya mbele ya wajukuu. Haya hiyo si ucha Mungu. Wana wao ndio wawapelekee kikombe cha maji wenyewe, kwa heshima, na wawaambie kwamba kuikubali rukhsa ya Mola ni ibada.

Maumivu na mali

Wako wanaokataa mofini wakidhani ni ulevi, au kwamba ikitolewa basi mtu amekatiwa tamaa. Mofini ya daktari kwa maumivu ya saratani ni dawa, na aghalabu ni salama kwa mgonjwa huyu kuliko vidonge vya maumivu vya dukani, kwa kipimo kinachozingatia figo zake. Hufunga choo na husinzisha, nayo hayo yana dawa. Hapa Mombasa iko Coast Hospice, ambayo kazi yake ni kuwatuliza wagonjwa maumivu na kuzisaidia nyumba zao. Kwenda huko si kuacha tiba.

Ama mali, kila nyumba na ijiandikishe katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na iulize hospitali fungu la saratani linafikia wapi kabla ya kuanza, ili dozi isikatike katikati. Na wenye kutoa zaka wakumbuke kwamba masikini na mwenye deni ni katika wale wanane. Mtu aliyeuza vyombo vyake kwa sindano za mkewe hana haja ya kusimama msikitini baada ya swala kuomba. Tumtafute sisi.

La mwisho ni ukweli. Jamaa humficha mgonjwa jina la ugonjwa kwa kumhurumia. Lakini ugonjwa huu hutibiwa kwa miaka, na mtu hawezi kuvumilia ganzi, choo kigumu na usiku bila usingizi kwa ajili ya jambo asilolijua. Aelezwe kwa upole na mtu anayempenda. Kisha liwekwe daftari nyumbani: dawa gani, siku gani, alihisi nini, homa kiasi gani. Daftari hilo lichukuliwe kila ziara. Tawakali ni kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mola, na kwa mgonjwa wa mayeloma kamba ya ngamia ni dawa zake kwa wakati wake na ulimi usionyamaza mbele ya daktari.

Twamuomba Allah, Mwenye kuponya, awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na ayafanye maumivu yao kuwa kafara ya madhambi yao. Amin.

Wallahu a'lam.